Herufi nene za Maskati: majina katika majabali, majina katika stempu

Bandari ya kale ya Maskati ni ghuba ndogo, nayo imezungukwa na majabali ya rangi ya kahawia iliyokolea, hata meli inayoingia hujiona kama imetumbukia kisimani. Ngome ya Jalali iko upande mmoja na ngome ya Mirani iko upande wa pili. Zote mbili zilijengwa na Wareno katika miaka ya 1580, na Waomani wakazitwaa mwaka 1650, katika zama za Imamu Sultan bin Seif wa ukoo wa Yaarubi. Mgeni wa leo huzielekezea ngome hizo kamera yake, na pengine hupitisha macho juu ya majabali yenyewe bila ya kuyatazama.

Zamani mabaharia waliyatazama majabali hayo kwanza. Yalikuwa yamejaa maandishi. Kila manowari iliyotia nanga hapo iliwapeleka vijana wake ufukweni na ndoo ya rangi nyeupe, nao wakaandika jina la meli yao juu ya mwamba, kwa herufi kubwa kiasi cha kusomeka kutoka upande wa pili wa ghuba. Jina lilifuata jina. Nyingi zilikuwa meli za Kiingereza, pamoja na baadhi za mataifa mengine. Jua la Maskati lilizifutilia mbali herufi za zamani, na mabaharia wapya wakaandika pembeni mwake au juu yake.

Sultani Said bin Taimur, aliyetawala kuanzia mwaka 1932 hadi 1970, anasimuliwa kuwa aliyaita majabali hayo kitabu chake cha wageni. Maneno hayo yana mzaha ndani yake, kwani sultani huyo hakuwa mwepesi wa kukaribisha wageni. Nchi yake ilikuwa ngumu kuingia, na milango ya mji wake mkuu ilifungwa saa chache baada ya jua kuchwa. Tangu mwaka 1958 yeye mwenyewe aliishi Salala, zaidi ya kilomita mia nane kutoka Maskati. Kitabu cha wageni kilikuwapo, ila mwenyeji hakuwa nyumbani.

Iko pia hadithi kwamba miongoni mwa walioandika hapo alikuwamo Horatio Nelson, aliyekuja kuwa amirijeshi mashuhuri wa bahari wa Uingereza. Ni kweli kwamba Nelson, akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, alihudumu katika manowari iitwayo Seahorse iliyofika katika maji ya Ghuba mwaka 1775. Lakini rangi ya chokaa au ya mafuta haidumu miaka mia mbili juu ya jiwe linalopigwa na jua la nyuzi arobaini na zaidi. Hadithi hiyo imependwa zaidi kuliko ilivyothibitishwa, na waliokuwa wakiipenda zaidi ni mabaharia wenyewe, waliopata kwayo sababu nzuri ya kuendelea kupaka rangi mali ya watu.

Sura ya herufi zenyewe pia ina historia. Herufi za majabali ya Maskati zilikuwa nene na zenye kusimama wima, bila ya vile vijimkia vidogo vinavyoonekana miguuni mwa herufi za vitabuni. Leo herufi za namna hiyo zimo katika kila kompyuta, na wachoraji wa matangazo huziita herufi za kiwandani. Huonekana kwenye makontena, kwenye mitambo, kwenye jezi za michezo na kwenye vibao vya hatari. Wengi hudhani ni uzushi wa karne ya 20, kumbe zina umri mkubwa zaidi.

Zilizaliwa London mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo mchapaji alikuwa na herufi za kitabu tu, zilizotengenezwa kwa jicho la mtu aliyekaa kitako na taa pembeni yake. Biashara ilipochangamka, na mabango ya bahati nasibu, ya maigizo na ya magari ya farasi yalipojaa kutani, ilihitajika herufi itakayomkamata mpita njia aliye mbioni. Yapata mwaka 1803 mtengeneza herufi Robert Thorne alizinenepesha herufi za kawaida hata zikaonekana kama zimevimba. Katika miaka ya 1810 Vincent Figgins akatoa herufi zenye miguu mizito ya mraba, kama nguzo za bandarini. Na mwaka 1816 William Caslon wa nne, wa ukoo maarufu wa wachapaji, akaonyesha katika daftari lake la sampuli mstari mmoja wa herufi zisizo na miguu kabisa. Herufi hizo ziliitwa za Kimisri, ingawa hazikuwa na uhusiano wowote na Misri. Napoleon alikuwa ameivamia Misri mwaka 1798, na kwa miaka mingi baadaye kila kitu cha ajabu na kizito mjini London kiliitwa cha Kimisri.

Herufi kubwa za risasi zilikuwa na uzito wa kuvunja mgongo, tena zilipasuka zilipopoa. Jawabu likapatikana Marekani. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York aliunda mashine ya kuchonga herufi za mbao kwa wingi, na tangu hapo bango la urefu wa mlango likawa jambo la kawaida.

Bado kulikuwa na sehemu ambazo mashine ya chapa haifiki: kasha, pipa, gunia, robota la nguo, ubavu wa meli. Huko ilitumika stensili, yaani bati lililokatwa umbo la herufi. Mtu huliweka juu ya kasha, hupitisha brashi yenye rangi, na jina limekwisha andikwa, hata kama aliyeshika brashi hajui kusoma. Kazi hiyo ina sharti moja. Ukikata herufi O nzima, kipande cha katikati kitadondoka, kwa hiyo ni lazima viachwe vijidaraja viwili vya kukishikilia. Mapengo tunayoyaona katika maandishi ya makasha yametokana na sharti hilo. Mwaka 1937 kampuni mbili za Marekani zilitoa, kila moja kwa wakati wake, herufi za chapa zilizoiga mapengo hayo: moja ilichorwa na Gerry Powell, nyingine na Robert Hunter Middleton. Mapengo ambayo kuli aliyavumilia kwa kukosa njia nyingine yakawa pambo la kuuzwa.

Makasha na marobota ya namna hiyo yalifika Maskati na Unguja mapema. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na utiaji saini ulifanyika Maskati. Mwaka 1840 merikebu yake Sultana ilitia nanga New York ikiwa na Ahmad bin Naaman, mjumbe wa sultani, na shehena ya tende, pembe, karafuu, kahawa na ngozi. Miongoni mwa iliyorudi nayo ilikuwamo nguo ambayo Waswahili waliipa jina la nchi ilikotoka: merikani. Kwa wengi wa pwani na bara, alama za wafanyabiashara zilizopigwa juu ya marobota hayo zilikuwa herufi za Kirumi za mwanzo kuziona maishani. Hazikufika kwa njia ya kitabu. Zilifika juu ya mzigo.

Jina la jahazi halikuandikwa

Jahazi la pwani halikuhitaji herufi za namna hiyo. Watu wa Sur, wa Lamu au wa Malindi ya Unguja walilitambua jahazi kwa umbo la omo na tezi lake, kwa tanga lake, na kwa sifa za nahodha wake. Jina lake lilikuwa vinywani mwa watu. Herufi nene ni ya mtu asiyekujua na ambaye hana nafasi ya kuuliza. Meli ya chuma inayofika leo na kuondoka kesho, katika bandari ambayo hakuna anayeijua, haina budi kubeba jina lake usoni.

Kuanzia mwaka 1862 meli za barua za kampuni ya Kiingereza ya British India zilipita Maskati katika njia ya Bombay na Ghuba. Muongo uliofuata kampuni hiyo hiyo ilifungua njia ya Unguja. Wazee wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam bado wanazikumbuka Kampala na Karanja, meli mbili za kampuni hiyo zilizozinduliwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Mtoto wa forodhani aliweza kuyasoma majina yale kabla ya kuanza shule, kwa kuyaona tu ubavuni yakikaribia.

Hapa ndipo jabali la Maskati linapomtatiza mtazamaji. Maandishi makubwa kuliko yote katika mji mkuu wa Oman, kwa miongo mingi, hayakuwa ya Kiarabu, wala hayakuandikwa na Waomani. Mwenye mji hakuwa na jina lake kutani. Wageni ndio waliojitaja kwa sauti kubwa.

Sababu moja ni ya kisiasa na inajulikana: bahari ile ilikuwa chini ya manowari za Uingereza. Sababu ya pili imo katika herufi zenyewe, na hutajwa kwa nadra.

Hati isiyo na herufi kubwa

Hati ya Kiarabu haina herufi kubwa na ndogo. Mwandishi wa Kirumi akitaka kupaza sauti, huandika neno zima kwa herufi kubwa. Mwandishi wa Kiarabu hana mlango huo. Tena herufi zake hushikana mikono, na nyingi hubadilika umbo kufuatana na mahali zilipo: mwanzoni, katikati, mwishoni au peke yake. Ukizinenepesha bila hadhari, tundu la mim na la waw huziba, fa na qaf hupoteza kichwa, nukta hugandamana, na msomaji hubaki na doa jeusi.

Haina maana kwamba Waarabu na Waswahili hawakuwa na herufi ya kusomwa kwa mbali. Walikuwa nayo, na ilikuwa nzito na yenye pembe kali: hati ya Kufi. Katika Quba ya Mwamba mjini Jerusalem, iliyojengwa mwaka 72 wa Hijria, hati hiyo inazunguka ukuta kwa vijiwe vya rangi. Na katika pwani ya Waswahili, msikiti wa Kizimkazi Dimbani kusini mwa Unguja una maandishi ya Kufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107 wa Miladi. Mchonga mawe huyo, karne saba kabla ya akina Thorne na Figgins, alilijua tatizo lao: namna ya kuifanya herufi iwe nzito bila ya kuiua. Jawabu lake lilikuwa kuinyoosha na kuipa pembe, kisha kuziacha ncha zake zichipue kama majani. Yeyote anayesema kwamba maandishi ya mapambo mazito yaliletwa Afrika Mashariki na meli za Ulaya na aende Kizimkazi.

Lakini Kufi ilikuwa hati ya jiwe na ya mihrabu. Chapa ilipowafikia Waomani, iliwafikia kwa hati nyingine na katika mji mwingine. Matbaa yao ya kwanza haikuwekwa Maskati. Iliwekwa Unguja, na Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Barghash alikuwa ameishi uhamishoni Bombay na ameizuru Ulaya mwaka 1875, na alirudi na hamu ya mambo mapya. Yapata mwaka 1880 Matbaa ya Sultani ilianza kutoa juzuu za Qamus al-Sharia, kitabu kikubwa cha fikihi ya Kiibadhi kilichotungwa na mwanachuoni wa Oman, Jumayyil bin Khamis al-Saadi, chenye juzuu tisini. Herufi zilizohitajika zilikuwa za kusomwa polepole, kitabu kikiwa juu ya marufaa. Hakuna anayemkimbiza msomaji wa fikihi.

Gazeti la An-Najah, lililoanzishwa Unguja mwaka 1911 na mshairi na kadhi mzaliwa wa Oman, Nasir bin Salim al-Ruwahi, lilifuata njia hiyo. Kwa hiyo wakati Unguja ilikuwa na vitabu na magazeti ya Kiarabu yaliyopigwa chapa na Waomani, Maskati yenyewe ilibaki bila ya gazeti hata moja hadi mwaka 1971. Wanachuoni wa bara ya Oman walisubiri meli kutoka Unguja iwaletee vitabu vya wanachuoni wao wenyewe.

Herufi juu ya uso

Kama Maskati haikuwa na gazeti, ilikuwa na posta. Ofisi ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1864, chini ya utawala wa posta ya India, na kwa miaka themanini barua iliyotoka Maskati ilibeba stempu za India zisizotaja popote kuwa kuna nchi iitwayo Oman.

Mwezi Novemba mwaka 1944 ukoo wa Al Busaidi uliadhimisha miaka mia mbili ya utawala. Kwa heshima hiyo, stempu za India zilipigwa chapa ya juu: jina la Al Busaidi na mwaka 1363, kwa hati ya Kiarabu, karibu na uso wa Mfalme George wa sita wa Uingereza. Chapa ya juu ni kazi ya haraka. Stempu mpya huchukua miezi kuchorwa, lakini mstari mmoja wa herufi nzito unaweza kupigwa juu ya maelfu ya stempu za zamani kwa siku chache. Herufi hizo lazima ziwe nene, kwa sababu kazi yake ni kulishinda jambo lililo chini yake. Mwaka 1944 hazikushinda sana. Uso wa mfalme ulibaki, na jina la ukoo likasimama kando kama mpangaji. Hata hivyo lilikuwapo, kwa hati ya wenyewe.

Baada ya kugawanywa kwa Bara Hindi mwaka 1947, posta ya Maskati ilishikwa kwa miezi michache na Pakistan, na kuanzia Aprili 1948 ikawa mikononi mwa Uingereza. Hadi mwaka 1966 Maskati ilitumia stempu za Uingereza zilizopigwa juu thamani za anna na rupia, na baadaye naye paisa. Jina la nchi lilitoweka tena.

Kisa kizito kuliko vyote vya chapa ya juu hakikutokea Maskati. Kilitokea Unguja. Tarehe 10 Desemba 1963 Zanzibar ilipata uhuru chini ya Sultani Jamshid bin Abdulla, na zikatolewa stempu zenye maneno UHURU 1963. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea mapinduzi. Serikali mpya haikuwa na stempu zake, na barua hazingojei. Ghala la posta lilikuwa limejaa stempu za uhuru wa mwezi uliopita, na nyingine za miaka ya nyuma zenye uso wa Sultani Abdulla bin Khalifa, baba yake Jamshid, aliyefariki mwaka 1963. Ikachongwa mihuri ya mkono, na stempu zile zikapigwa mojamoja kwa herufi kubwa nyeusi: JAMHURI 1964.

Wakusanyaji wa stempu wanazithamini kwa makosa yake, kwani muhuri wa mkono hupinda, hurudiwa mara mbili au hukaa juu chini. Kwa wengine si mchezo wa kukusanya. Muhuri ule ulipigwa katika majuma yale yale ambayo watu waliuawa na wengine walipakiwa majahazini kuelekea Oman na kwingineko. Kwa waliofurahia mapinduzi, herufi zile zilikuwa tangazo la nchi kupata wenyewe. Kwa waliofukuzwa, zilikuwa tangazo la kufutwa. Stempu ni moja, na neno ni moja la Kiswahili, tena lenye asili ya Kiarabu.

Miaka saba baadaye Maskati nayo ilipiga chapa ya juu. Tarehe 23 Julai 1970 Qaboos bin Said alichukua madaraka kutoka kwa baba yake, na mwezi Agosti jina la nchi likabadilishwa kutoka Maskati na Oman na kuwa Usultani wa Oman. Mwaka 1971 stempu za zamani zilitoka zikiwa na jina jipya juu ya lile la awali. Safari hii haraka ilikuwa ile ile, ila familia ya watawala haikubadilika. Miongoni mwa walioziweka stempu hizo kwenye bahasha walikuwamo watu waliowahi kuona stempu zao zikipigwa muhuri Unguja.

Mtu aliyerudi na hati ya pili

Qaboos aliwaita Waomani waliokuwa nje, na wengi waliotoka Zanzibar waliitikia, ama moja kwa moja ama baada ya kupita Cairo, Kuwait, Dubai au Uingereza. Nchi iliwahitaji sana. Walijua Kiingereza, walikuwa na vyeti vya shule, nao waliingia katika kampuni ya mafuta, wizara, mashule na hospitali. Walichokosa wengi wao ni Kiarabu cha kuandikia. Waliisoma Kurani tangu utotoni, kwa hiyo herufi walizijua. Lakini gazeti la Kiarabu lilikuwa jambo jingine.

Na magazeti yalikuwa yameanza. Al-Watan lilitoka mara ya kwanza tarehe 28 Januari 1971, na gazeti la serikali, Oman, tarehe 18 Novemba 1972. Magazeti ya Kiarabu ya wakati huo yalikuwa yamekwisha pata njia yao ya kupaza sauti. Katika miaka ya 1950 Kamel Mrowa, mwenye gazeti la Al-Hayat la Beirut, alishirikiana na kampuni ya Linotype kupunguza maumbo ya herufi za Kiarabu. Umbo moja lilitumika kwa mwanzo na katikati, na jingine kwa mwisho na peke yake. Walimu wa hati nzuri walinuna, na haki yao walikuwa nayo, maana herufi zile zilikuwa na ukavu wa mashine. Lakini sasa mpangaji herufi aliweza kupanga gazeti la kila siku kwa kasi ya wenzake wa Ulaya. Kisha mwaka 1977 Mourad na Arlette Boutros, kwa kushirikiana na kampuni ya Letraset, walitoa herufi za Kiarabu zilizochorwa makusudi zikae sambamba na zile nene za Kirumi, zikiwa na uzito mmoja na msingi mmoja.

Matokeo ya juhudi za namna hiyo yanaonekana katika barabara za Maskati. Kibao kina jina la mahali kwa Kiarabu na jina hilo hilo kwa Kirumi chini yake, na katika vibao vilivyochorwa vizuri hakuna hati inayoibana nyingine. Kwa aliyetoka Unguja, kibao hicho kilikuwa mwalimu wa bure. Alisoma mstari wa chini kwa haraka, kisha akapanda mstari wa juu polepole. Baadhi yao babu zao waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na hawakujua nyingine. Yeye aliandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na barua za babu yake zilikuwa zimemshinda.

Ushahidi wa badiliko hilo umo pia ndani ya masanduku ya wanawake. Kanga za mwanzo zilizokuwa na maneno ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Katika karne ya 20 zikageukia herufi za Kirumi, nazo zilikuwa kubwa tupu, nene, zisizo na vijimkia: za ukoo mmoja na zile za kasha na za ubavu wa meli. Sababu ni ile ile. Kanga zilichapwa Uholanzi, Uingereza, India na Japani, na mafundi wasiojua neno la Kiswahili, kwa hiyo herufi rahisi ndiyo iliyopunguza makosa, ingawa haikuyamaliza. Tena jina la kanga husomwa mtu akiwa anapita, mara nyingi akiwa amekwisha geuza mgongo, na mwenye kusemwa lazima alipate kabla hajatoweka kwenye kona. Hapo herufi ya kiwandani ilipata kazi ambayo mabwana wa London hawakuiota: kusutana.

Katika soko la Matrah, hatua chache kutoka baharini, kanga zinauzwa hadi leo, na wanawake wa Kiomani ambao hawajawahi kufika Afrika huzivaa pamoja na wale waliozaliwa Unguja. Si wote wanaosoma kilichoandikwa.

Mwaka 1974 bandari mpya, Mina Sultan Qaboos, ilifunguliwa Matrah, na meli za biashara zikahamia huko. Ghuba ya kale ya Maskati ikabaki tulivu mbele ya kasri ya Al Alam, na desturi ya mabaharia kupaka rangi mwamba ikafifia pamoja na rangi yenyewe, ingawa baadhi ya majina yameendelea kuonekana hadi karne hii.

Sultani Jamshid, ambaye stempu za uhuru wake zilipigwa muhuri wa Jamhuri kabla hazijatimiza miezi miwili, aliishi Uingereza kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 2020 aliruhusiwa kuhamia Oman. Alifariki Maskati tarehe 30 Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka tisini na mitano.